Goma: Uwanja Mmoja, Mabwana Wawili



Katika ukurasa huu wa nchi jirani tumezoea kuwaletea habari za viwanda, mashamba na migodi. Safari hii twawaletea habari za uwanja wa ndege. Huenda wengine wakauliza: uwanja wa ndege unamhusu nini mchuma chai, au mfanyakazi wa kiwanda cha nguo ambaye hajapanda ndege tangu azaliwe? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu.

Uwanja wa ndege ni mahali pa kazi kama kiwanda. Pana wapakiaji wa mizigo, madereva, mafundi, walinzi, wafagiaji, mama wauza chakula, na waongozaji wa ndege walioko mnarani. Na pale ambapo uwanja mmoja unatumiwa na raia na jeshi kwa pamoja, wafanyakazi hao hujikuta chini ya mabwana wawili, sheria mbili, na hatari mbili. Viwanja vya namna hiyo si vichache katika sehemu zetu. Hata kwetu, uwanja wa Mwanza unatumiwa na abiria na wanajeshi pia. Lakini hakuna uwanja unaofundisha somo hili waziwazi kama ule wa Goma, ng'ambo ya pili ya Maziwa Makuu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

MJI KATI YA MLIMA NA ZIWA

Goma ni makao makuu ya Jimbo la Kivu ya Kaskazini. Kusini kuna Ziwa Kivu. Kaskazini umesimama mlima wa moto Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, na usiku mwekundu wa moto wake huonekana kutoka mjini. Mashariki ni mpaka wa Rwanda, na mtu huvuka kwa miguu kwenda Gisenyi kuuza na kununua. Lugha ya soko na ya kazi ni Kiswahili, kwa hiyo ndugu zetu wa Goma wangeweza kuusoma ukurasa huu bila mkalimani.

Uwanja wa ndege uko ndani ya mji wenyewe. Njia ya kurukia imelala kutoka kaskazini kwenda kusini: mwisho mmoja unautazama mlima, na mwisho wa pili unayatazama makazi ya watu, soko na ziwa. Tafadhali msomaji, likumbuke jambo hili, maana ndilo litakaloeleza misiba tutakayoitaja.

Kutoka Goma hadi Kinshasa, mji mkuu, ni zaidi ya kilometa 1,500, na kati yake ni msitu mkubwa usio na barabara ya kutegemewa ya kufika mwisho. Kwa sababu hiyo ndege imekuwa lori la wananchi. Jibini ya Masisi, maharage na viazi vya wakulima vimekuwa vikipakiwa pale kwenda Kinshasa. Ndege ndogo zilikwenda Walikale na kurudi na magunia ya mawe ya bati. Huko Walikale hapakuwa na uwanja wa maana, na marubani walitua juu ya barabara ya lami mahali paitwapo Kilambo.

Mizigo hiyo haijipeleki yenyewe uwanjani. Huko Goma kuna chombo cha mbao kiitwacho chukudu, chenye magurudumu mawili na usukani, ambacho mtu mmoja hukisukuma kikiwa na magunia hata ya mamia ya kilo. Mkulima hulima, mwenye chukudu huleta, mpakiaji hupandisha, mfanyabiashara hutuma. Uwanja ukifungwa, mnyororo huo wote hukatika siku hiyo hiyo, na wa kwanza kulala na njaa ni yule anayelipwa kwa siku.

BWANA WA KWANZA NA BWANA WA PILI

Katika Kongo viwanja vya ndege husimamiwa na shirika la serikali liitwalo RVA. Huyo ndiye bwana wa kwanza, wa upande wa raia. Bwana wa pili ni jeshi, ambalo lina ndege zake, maghala yake na walinzi wake katika uwanja huo huo. Tena kwa Goma alikuwapo na wa tatu: majeshi ya Umoja wa Mataifa, yaliyoanza kazi Kongo mwaka 1999 kwa jina la MONUC, na kutoka Julai 1, 2010 yakaitwa MONUSCO. Helikopta zao nyeupe zilikuwa sehemu ya uwanja ule kwa miaka mingi.

Njia ni moja, mnara ni mmoja, lakini sheria si moja. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio katiba ya usafiri wa ndege duniani, unasema katika kifungu chake cha 3 kwamba unahusu ndege za kiraia tu. Ndege za jeshi, za polisi na za forodha haziko chini yake. Nchi zinatakiwa tu kujali usalama wa ndege za raia zinapoweka kanuni za ndege zao za kijeshi. Maana yake ni kwamba ndege mbili zinazofuatana kwenye njia moja, moja inaweza kukaguliwa kwa kanuni za dunia, na nyingine isiulizwe na mtu yeyote nje ya jeshi lake.

Vivyo hivyo kwa wafanyakazi. Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho bila kuomba ruhusa. Kifungu cha 9 kinasema kwamba, kwa wanajeshi na polisi, kila nchi itaamua kwa sheria yake ni kwa kiasi gani haki hiyo iwahusu. Hapo ndipo waajiri wengi huingiza ujanja. Mfagiaji, fundi au mpishi anayefanya kazi ndani ya uzio wa jeshi huambiwa: "Hapa ni jeshini, hakuna chama." Jambo hilo si kweli. Msimamo wa Shirika la Kazi Duniani ni kwamba raia anayefanya kazi katika sehemu ya jeshi ni mfanyakazi kama wengine, na haki ya chama ni yake. Kuvuka lango la jeshi asubuhi hakumgeuzi mpishi kuwa askari.

Iko na sheria ya tatu, nayo ni ya kutisha kuliko hizo. Sheria za vita zinakataza kushambulia mali ya raia. Lakini mali ya raia ikitumiwa kusaidia vita, inaweza kuhesabiwa kuwa shabaha ya kijeshi. Kwa hiyo uwanja ambao asubuhi unapakia maharage na jioni unashusha askari na risasi unaweza kupigwa. Anayesimama katikati ya shabaha hiyo ni mpakiaji mwenye gunia begani. Tulikwisha kuliona jambo hili Entebbe, Uganda. Usiku wa kuamkia Julai 4, 1976, makomando wa Israeli walitua katika uwanja huo kuwaokoa mateka waliokuwa wamezuiwa katika jumba la zamani la abiria. Kabla ya kuondoka waliziharibu ndege za kivita za Uganda zilizokuwa zimeegeshwa pale pale.

NJIA MOJA YA CHAKULA NA YA SILAHA

Tazama sasa yaliyopita katika njia ile ya Goma.

Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu mamia kwa maelfu walivuka mpaka na kuingia Goma kwa muda wa siku chache tu. Ardhi ya huko ni mwamba wa moto uliopoa. Choo hakichimbiki, wala kaburi. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu ya watu. Uwanja ukajaa ndege usiku na mchana. Askari wa Ufaransa waliutumia kwa operesheni yao iliyoitwa Turquoise. Ndege za jeshi la Marekani zilileta misaada. Mashirika ya huruma yalileta dawa na unga. Lakini wachunguzi walioandika baadaye walieleza kwamba silaha nazo zilipitia uwanja huo huo, zikienda kwa watu walewale waliokuwa wamefanya mauaji. Unga na risasi vilishuka juu ya lami moja.

Novemba 1996 Goma ikatekwa na wapiganaji wa Laurent-Désiré Kabila, waliompindua Mobutu mwezi Mei mwaka uliofuata. Halafu Agosti 1998 vita vingine vikaanza. Tarehe 4 ya mwezi huo ndege za raia zilitekwa katika uwanja wa Goma, zikajazwa askari, zikarushwa kukatiza nchi nzima hadi kambi ya Kitona, karibu na bahari ya Atlantiki. Fikiri, ndugu msomaji: ndege iliyokuwa ya abiria na mizigo asubuhi imekuwa gari la vita mchana. Rubani hakuulizwa, wala fundi aliyeijaza mafuta.

MLIMA ULIPOIFUPISHA NJIA

Januari 17, 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Lava yake ni nyepesi na hukimbia kama uji. Ilishuka hadi mjini, ikaunguza nyumba na maduka, ikakata mji vipande, na hatimaye ikaingia ziwani. Watu zaidi ya 100 walikufa, na zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Kabla ya kufika katikati ya mji ililala juu ya mwisho wa kaskazini wa njia ya ndege. Njia iliyokuwa ya mita 3,000 ikabaki kama mita 2,000 tu.

Hapa yafaa tueleze jambo moja la kazi. Goma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, na ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka kuliko inavyohitaji Dar es Salaam au Mombasa. Njia ndefu huko ni jambo la lazima. Tena rubani akisita, akataka kusimama badala ya kuruka, anahitaji nafasi ya kusimama. Mita 1,000 zilizolala chini ya mwamba ndizo zilizokuwa nafasi hiyo.

Kazi ya kuondoa mwamba ikaenda polepole mno. Wakati huo wote njia iliendelea kutumika. Jeshi liliitumia, Umoja wa Mataifa uliitumia, mashirika ya ndege yaliitumia, wenye madini waliitumia. Watumiaji walikuwa wengi, na njia ikabaki fupi. Mali ya wengi isiyo na mwenyewe huliwa na wote na hutengenezwa na hakuna.

Aprili 15, 2008, miaka sita baadaye, ndege ya abiria aina ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilikimbia kutaka kuruka kwenda Kisangani. Haikunyanyuka. Njia ikaisha, ndege ikavunja uzio wa kusini na kuingia katika mtaa wa Birere, ambako ni soko na nyumba zilizobanana. Wakafa watu wapatao 40. Sehemu kubwa ya abiria walitoka hai. Waliokufa, walio wengi, walikuwa ni watu wa ardhini: wachuuzi, wanunuzi, mafundi wa vibanda, watoto. Hawakuwa na tiketi wala safari. Walikuwa kazini.

Msiba huo haukuwa wa mwisho. Novemba 24, 2019 ndege ndogo aina ya Dornier 228, iliyokuwa ikienda Beni, ilianguka mara tu baada ya kuruka, juu ya nyumba za mtaa wa Mapendo. Watu zaidi ya 25 walifariki, wakiwemo waliokuwa majumbani mwao. Na Mei 22, 2021 mlima ulilipuka tena, na lava ikasimama karibu kabisa na uwanja.

Isemwe pia kwamba fedha hazikukosekana kabisa. Tangu mwaka 2009 abiria wa Kongo walitakiwa kulipa tozo iitwayo Go-Pass, dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, kwa ajili ya kutengeneza viwanja. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za kuufanya uwanja wa Goma uwe salama zaidi. Lakini uzio mpya na taa mpya havihamishi soko lililoota mwishoni mwa njia, wala havimwambii mjane wa mchuuzi aende ofisi gani kudai.

VITA VILIPOUFUNGA UWANJA

Novemba 20, 2012 waasi wa M23 waliiteka Goma, wakaondoka baada ya siku zisizozidi kumi na mbili. Mwishoni mwa Januari 2025 waliiteka tena, na safari hii hawakuondoka haraka. Mapigano yalifika uwanjani, na uwanja ukafungwa. Hospitali zilijaa majeruhi. Dawa na misaada ambayo ingetua Goma kwa saa chache ilibidi itue Kigali, kisha ipakiwe kwenye malori na kuvushwa mpaka. Februari ya mwaka huo huo uwanja wa Kavumu, unaouhudumia mji wa Bukavu na ambao nao ulitumiwa na jeshi na raia, ukatekwa pia. Mashariki yote ya Kivu ikakosa milango yake miwili ya angani katika muda wa majuma matatu.

Kwa jenerali, uwanja uliofungwa ni alama kwenye ramani. Kwa mwenye chukudu ni watoto waliokosa ada. Kwa mkulima wa Masisi ni jibini iliyobaki ghalani. Kwa mgonjwa ni dawa iliyoko mpakani. Na mpakiaji aliyefanya kazi pale miaka kumi kama kibarua wa siku, bila mkataba, hana hata barua ya kuachishwa kazi ambayo angeweza kuionyesha mbele ya baraza lolote.

SISI TUNAJIFUNZA NINI

Katika mikutano ya matawi tumewasikia wenzetu wakisema kwamba mambo ya jeshi ni ya wakubwa, mfanyakazi asiyaguse. Sisi hatusemi kwamba chama kiingie katika siri za ulinzi. Nchi hapana budi ilindwe, na wanajeshi wengi ni watoto wa wakulima na wafanyakazi. Twasema tu kwamba mahali ambapo raia anatoa jasho lake, masharti ya kazi yake si siri ya ulinzi. Mshahara si siri, glavu si siri, wala mlango wa kukimbilia wakati wa moto si siri.

Kwa hiyo, kwa wenzetu walio katika viwanja vya namna hii, na kwa wale walio katika mashamba makubwa yenye kiwanja chake kidogo cha ndege, yafaa matawi yaulize maswali yafuatayo na kudai majibu kwa maandishi:

Kwanza, mwajiri wetu ni nani? Ni mamlaka ya viwanja, ni shirika la ndege, ni mwanakandarasi, au ni jeshi? Siku ya ajali kila mmoja atamnyoshea mwenzake kidole. Jina la mwajiri liandikwe katika mkataba kabla ya siku hiyo.

Pili, fidia italipwa na nani endapo mfanyakazi ataumia upande wa jeshi wa uzio? Na kibarua wa siku amo katika hesabu hiyo, au ameachwa nje?

Tatu, ni nani mwenye wajibu wa kuitengeneza njia, taa na uzio, na fedha anazitoa wapi? Makubaliano kati ya upande wa raia na upande wa jeshi yawepo kwa maandishi, na sehemu inayohusu usalama wa kazi ionyeshwe kwa chama.

Nne, mwishoni mwa njia pana nini? Kama pana soko, shule au nyumba za wafanyakazi, basi pasingojewe ndege ndipo pahamishwe. Wanaohamishwa nao wapewe mahali pengine pa kufanyia biashara, maana mchuuzi anakaa pale kwa sababu ndipo wateja walipo. Kumfukuza tu kwa marungu ni kumhamishia msiba mwingine.

Tano, mapigano yakitokea, mfanyakazi wa kiraia ana haki ya kuondoka bila kuhesabiwa mtoro? Mshahara wake utaendelea? Akirudi atakuta kazi yake?

Maswali haya matano hayahitaji elimu kubwa. Sisi tunaoandika hapa wengi wetu tuliishia shule ya msingi, na tunayaelewa. Yanahitaji tu watu wasimame pamoja wanapoyauliza, kwani mtu mmoja akiuliza huitwa mkorofi, lakini tawi zima likiuliza huitwa mkutano.

Wachuuzi wa Birere hawakuwa na tawi. Hawakuwa na mtu wa kwenda kwa wenye uwanja, kwa jeshi, kwa Umoja wa Mataifa na kwa mashirika ya ndege, akasema mbele yao wote: njia imekuwa fupi tangu 2002, nasi ndio tunaokaa mwisho wake. Miaka sita ilikuwapo ya kulisema jambo hilo. Kwetu, ndugu wafanyakazi, kila tawi litazame ni kitu gani mahali pake pa kazi kimekuwa kifupi, kimeoza au kimelegea huku kikiendelea kutumiwa na wote, na likiandike katika ajenda ya mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.